Kilo Mia Tatu na Ishirini

Katuba, uani kwa Chansa, zilisimama mbili:
nyekundu, ndefu, kiti chake kikinifika mbavuni,
na nyeusi, pana, imejilaza kama ng'ombe anayecheua.
Ile ndefu niliipenda. Miguu yangu ilikataa:
vidole viwili ardhini, visigino hewani.
Nikalipa nyeusi.

Jumatatu ikaniangusha getini,
taratibu, bila hasira, mbele ya muuza makaa
aliyeegemeza ukutani baiskeli yenye magunia manne
akaja kushika mkia.

"Usitazame shimo," Chansa alinifokea,
"ukilitazama utaliingia."
Wiki nzima nikajifunza kutazama ng'ambo ya kona,
kutogusa breki ya mbele nikiwa nimekunja usukani,
kutoegesha pua ikielekea mteremkoni.
Ile nyekundu bado iko pale. Nikienda sokoni
nazungukia njia nyingine.

Leo, barabara ya Likasi. Vichuguu, malori ya shaba,
upepo unanisukuma begani.
Kwenye gia ya nne uzito unaniaga,
sijui unakwenda wapi.
Nikisimama kununua uyoga
nakuta umeshafika kabla yangu,
unaningoja katika goti la kushoto.