Hodi ya Nne

Bibi yangu wa Kitangari alinifunza hodi:
ya kwanza, ili mwenye nyumba ajifunge kanga;
ya pili, ajue ni sauti ya nani;
ya tatu, aamue.
Ya nne, alisema, ni ya mdai au mwizi.

Sasa nalipwa kwa hodi ya nne.

Chumba chetu kiko juu ya duka la vipuri, Chikongola.
Feni inazunguka kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa,
na mimi, Somoe Nampembe, mwandishi wa arifa,
napewa herufi arobaini, nafasi zikihesabiwa,
nimwamshe mtu ambaye hajalala,
nimkumbushe kitu ambacho hakusahau.

"Umeacha kitu kwenye kapu lako."
"Bado saa mbili tu, bei inapanda."
"Tumekukumbuka."
Nani? Sisi akina nani?

Nazijua saa za watu kama mkunga.
Saa tano asubuhi usiwaite Newala: wako mikoroshoni,
vidole vina utomvu wa mabibo, kioo hakivitambui.
Ngoja saa mbili usiku, baada ya ugali wa muhogo,
simu imelala juu ya paja na paja limechoka.
Hapo mlango hauna komeo.

Bosi Mkwepu huchungulia takwimu
kama chungu kisichotaka kuchemka.
"Asilimia mbili," anasema. "Mbili!
Hata msiba wa mgeni hupata watu zaidi."

Novemba ile malipo ya mnada wa pili yalichelewa.
Toka Nanyamba mpaka Tandahimba
watu walilala na simu kifuani kama mtoto mwenye homa.
Sisi tulikuwa tunauza maturubai, punguzo elfu tatu.
Nikaandika, kidole chepesi:
"Pesa yako iko hapa. Fungua."
Herufi ishirini na saba. Nilijisifu kwa ufupi wake.

Asilimia sitini na moja.
Mkwepu aliagiza kuku mzima, akanipa paja.

Mjomba Chilumba, kule Mahuta, husoma mstari wa kwanza tu,
mingine humwachia Mungu.
Turubai hakuliona. Aliona pesa.
Alikodi bodaboda kwa elfu kumi na mbili za kukopa,
akapanga foleni benki tangu asubuhi,
akafika dirishani, akanyoosha simu kama cheti.
Mhudumu alisoma, akacheka kidogo,
si kwa ubaya, na ndiyo iliyomuuma.

Alinipigia jioni. Hakulalamika. Aliuliza:
"Wewe uko kwenye mambo haya ya simu.
Huyu aliyeniita, ananijua?"

"Hapana, mjomba. Hakujui."
Ulimi wangu ulikuwa na utomvu.

Kesho yake niliandika:
"Maturubai yapo. Elfu ishirini na mbili. Kama unalo, lala."
Nilizidisha herufi kumi na saba.
Asilimia moja, na nukta, na kitu kidogo.
Mkwepu alinitazama mpaka feni ikaona aibu.

Bado niko pale. Mwenye nyumba wangu naye
hupiga hodi kila tarehe tano, na hahesabu.
Ila nina sheria isiyomo kwenye mkataba:
tatu kwa wiki.
Ya nne naiandika, naisoma kwa sauti ya Bibi,
naifuta.
Wiki nyingine naifuta kwa shida.

Leo Alhamisi, nimeshatuma mbili.
Usiku, chumbani kwangu, simu inatetemeka juu ya ndoo:
"Somoe, tumekukumbuka."
Ni sisi. Mkwepu ameniingiza kwenye orodha,
na maneno ni yangu, hata mkato haukuhama.

Najifunga kanga kwanza,
ndipo naitazama.