Kipande cha Samari

Al-Khudh, mwezi wa saba, saa tisa alasiri.
Lango la chuma limetanuka, halifungi;
lami inanasa soli.
Ndani, Shinuna anashusha kijipande cheusi
kisichofika punje ya mchele
kwenye baridi isiyo na jina, kisha anakipasha,
digrii moja, moja.

Mstari kwenye skrini unateremka.
Kinapata joto, kinasinyaa.

Anafuta miwani. Anapima tena.
Kinasinyaa.

Elektroni hii, anaandika daftarini, haijaamua:
mara iko kwa atomi yake, mara kwa jirani.
Ukihesabu mbili umekosea,
ukihesabu tatu umekosea.
Ni mbili na ushei.
Na ikitoka, nyumba nzima hujikunyata.

Simu inalia. Mama, kwa Kiswahili cha Ng'ambo:
"Joto gani hili, mwanangu! Umekula?"
Mlangoni mkuu wa maabara, kwa Kiarabu: matokeo?
Anawajibu wote wawili kwa pumzi moja,
wala haoni pa kuikata.

Magharibi analivuta lango. Bado halifungi.
Analisukuma kwa bega, analiacha.
Mfukoni, kikaratasi:
*mbili nukta sita, takriban.*