Saa Iliyovuka Mto

Magharibi ya Mto Fuji umeme hupiga
mara sitini kwa sekunde.
Mashariki, hamsini.
Nchi moja, mapigo mawili.

Mama alipovuka kuolewa
alibeba saa ya ukutani, ya umeme.
Ng'ambo ikaanza kuchelewa,
dakika kumi kila saa.
Mavyaa akanuna: bibi harusi mvivu.

Usiku huu Tomoe Shiraishi, mtafiti wa gridi,
yu zamu kituo cha kugeuza masafa.
Sitini inaingia, hamsini inatoka.
Chai ya shayiri imepoa.
Skrini: arobaini na tisa nukta tisa nane.
Hapepesi.
Nukta tisa tisa.
Anapumua.

Ile saa iko mezani pake.
Wanafunzi hucheka: Mwalimu, itengeneze!

"Si mbovu," husema.
"Hawakuiuliza imetoka wapi."