Nusu Hazimo Kwenye Fomu

Nesi Mhina ana fomu ya kurasa mbili
na peni iliyofungwa uzi mezani isiibwe.
Wiki iliyopita, ulichoka?
Hapana, kidogo, kiasi, sana.
Chagua moja, mama Mwanahija, foleni ndefu.

Kuchoka.
Zamani nilichoka kama watu wanavyochoka,
cherehani ikinyamaza usiku wa kuamkia Idi,
magauni kumi na manne yananing'inia mlangoni
na mguu wangu ungali unakanyaga hewa.
Kuchoka kwa sasa hakuna kazi nyuma yake.
Kunanijia saa nne asubuhi,
kunavuta kigoda, kunakaa.
Andika kiasi.

Maumivu?
Mvua ikitaka kunyesha kovu hujua kabla ya redio.
Nimelitazama kwenye kioo kwa jicho la ufundi:
linashuka kutoka chembe cha moyo,
linapiga kona, linaelekea ubavuni.
Daktari wa Dar kashona vizuri, sikatai,
ila pale kwenye kona kavuta uzi,
kitambaa kimejikunja.
Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha.

Hamu ya chakula?
Samaki wa nazi alinishinda miezi mitatu, harufu tu.
Juzi nimekula mhogo wa kuchemsha,
vipande viwili, kwa chumvi.
Mbaruku kakaa kimya akihesabu.
Alidhani simwoni.

Je, maradhi yameathiri maisha yako ya ndoa?
Hapo nesi kainamisha uso. Mtoto mdogo,
mama yake nimemshonea gauni la harusi.
Nimwambieje?
Kwamba usiku niliorudi kutoka Dar
mume wangu kaweka kiganja juu ya bandeji,
hakubonyeza, kasema:
Miaka ishirini na sita nalalama umenikata maini,
kumbe wa kukatwa ni wewe.
Nikacheka, mshono ukauma,
nikamfukuza akalale sebuleni,
akarudi alfajiri na uji.
Hilo linaangukia wapi, kidogo au sana?
Nesi akapiga mstari mtupu, akafunua ukurasa.

Una hofu kwamba ugonjwa utarudi?

Daktari alisema ini huota,
kama kisamvu ukikichuma.
Sikumuuliza kama na kile alichokitoa
nacho kinajua kuota.

Swali la mwisho, mama.
Kwa ujumla, moja mpaka saba,
maisha yako unayapimaje?

Miaka thelathini nimezungusha futikamba
viunoni mwa watu wa Ngamiani
na sijakuta kiuno chenye namba kamili.
Kuna robo, kuna nusu, kuna upana wa kidole,
kuna yule anayebana pumzi ili apungue
nawe unamwongezea nafasi bila kumwambia.
Nne, nikasema. Na nusu. Na upana wa kidole.

Nusu hazimo kwenye fomu, mama.

Basi andika nne,
lakini niachie upindo mpana,
huenda nikanenepa.

Akacheka, na alipoinua mkono kugonga mhuri
nikaona kwapa la sare yake limefumuka.
Sikusema kitu. Sindano ninayo kwenye pochi,
dakika mbili, amesimama wima,
foleni inatutazama.
Vidole vilitetemeka kwenye fundo la mwisho tu.

Nje, Mbaruku ameegemea baiskeli.
Keria bado siiwezi, kila shimo hunipigia hodi ubavuni,
kwa hiyo tunashuka kutoka Bombo kwa miguu,
yeye anaikokota, mimi nashika kiti,
tunavuka reli, tunaingia Ngamiani
tukihesabu barabara.
Mwezi jana niliomba baraza ya watu nikae
barabara ya saba.
Leo ni ya tisa.
Mwenye nyumba katoa maji, kauliza kama kanga zake
nitaweza kuzikunja pindo kabla ya Ijumaa.
Nikamwambia Jumamosi.
Nyumbani ni ya kumi na tatu.