Uzito Mkavu

Karatasi ilikunjwa mara nne ndani ya plastiki,
Kiarabu upande mmoja, Kichina upande wa pili,
na Mwakio, aliyeingia Maskati Jumanne,
hajui hiki wala kile.
"Dada, nisomee," akasema, kaunta imemfika kifuani,
kwa Kiswahili cha Voi chenye vumbi jekundu.
Nikamsomea kwa changu, cha mama, cha Ng'ambo,
kilichofika Wadi Kabir ndani ya sanduku la nguo
na hakijarudi kwao tangu hapo.

Injini: silinda moja, mapigo manne,
ujazo wa sisi mia na kumi.
Nguvu: farasi wanane.
"Wanane tu?"
Wanane, na mlima wa Amerat utawahesabu
mmoja mmoja.

Upoaji: kwa hewa.
Hapo nikasita. Kipimajoto cha duka la betri ng'ambo ya barabara
kilisema arubaini na sita.
Aliyeandika mstari huu
aliishi mahali hewa ni jirani mwema.
Nikamwambia, ukisimama kwenye taa, zima.
Hewa ya hapa haipozi kitu,
hupasha viporo.

Tangi: lita nne na robo.
Kimo cha kiti: sentimita sabini na sita,
miguu yako itagusa chini, usiogope.
Breki ya mbele: ngoma. Breki ya nyuma: ngoma.
Akacheka kwa mara ya kwanza.
"Ngoma mbili! Na bibi harusi yuko wapi?"

Uzito mkavu: kilo tisini na saba.
"Mkavu maana yake?"
Kabla ya petroli, nikasema. Kabla ya oili,
kabla ya maji ya betri, kabla ya mtu.
Uzito wa kitu ambacho bado
hakijakwenda popote.

Akanyamaza, anafunga na kufungua kifungo cha helmeti.
"Basi hata mimi walinipima mkavu.
Nairobi, kwa daktari wa ajenti,
nimevua viatu, nimevua mkanda. Sitini na moja.
Mkopo haukupanda mizani.
Mtoto hakupanda."

Nikautafuta kwa kidole mstari unaofuata.
Mzigo wa juu kabisa: kilo mia na hamsini.
Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya plagi:
yeye sitini na moja, sanduku la chakula tisa,
biriani za watu, soda za watu, tuseme ishirini.
Zikabaki sitini.
"Zinatosha," akasema.
Hakusema zinatosha nini.

Chini kabisa, kwa herufi kama sisimizi:
upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi.
Tukatazamana.
Mwezi wa saba, Wadi Kabir,
tairi huwa baridi saa ngapi?

Sasa najua.
Chumba changu kiko juu ya duka.
Saa tisa na nusu za usiku,
mwadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti,
nasikia fss fupi mbele, fss fupi nyuma,
kofia ya valvu ikikazwa,
kisha farasi wanane wakiamshwa kwa teke moja,
au, kama jana,
kwa matano.