Ngazi ya Chalula

Walimleta kwa toroli la maji kutoka Kibakwe,
vumbi jekundu bado limo nyusini,
kisigino kimeumuka kama andazi.
Chalula, fundi wa kuezeka. Umri?
"Andika hamsini, tusigombane."

Picha ya ubavu ilikuwa rahisi.
Ya pili huutaka mwale mshazari,
nyuzi arobaini, uingilie wayoni.
Nikampa ncha za kanga: vuta vidole vikuelekee,
vuta, hata kikiuma, vuta.

Mashine yetu hapa Mpwapwa namba zake zimefutika,
zimeliwa na vidole vya walionitangulia.
Nina futikamba ya cherehani
imening'inia kwa uzi kwenye kichwa cha tyubu.

Nikakiinamisha kichwa, nikapima kuufuata mwale:
mia na thelathini.
Kumbe kimo sikukigusa! Mia ya wima, ikiinama,
njia yake hurefuka.
Nikashusha. Nikapima. Nikashusha tena.

Mwaka wangu wa kwanza kazini sikushusha.
Picha ikatoka hafifu, uji wa Januari,
na yule mama nikamlaza upya,
nikampiga mionzi ambayo haikuwa haki yake.
Alinishukuru. Hilo ndilo lililobaki kwangu.

"Mbona unaniteremshia dude hili?"
Nikaanza kwa lugha ya chuoni,
pembetatu, kosaini,
naye kashikilia kanga, jasho linamtiririka.

"Aa," akanikata. "Ngazi.
Urefu wake ni ule ule.
Ukiilaza, kichwa lazima kishuke.
Mimi jana niliisimamisha wima mno,
ikanirudi."

Utepe ukasoma mia.
Nikaenda nyuma ya ukuta wa risasi, nikasema usitikisike,
na kwa nukta ile moja
hata upepo wa bondeni ulikuwa kama umeshika pumzi.

Mfupa ulikuwa na ufa, mwembamba, nao mshazari.
Nilimwonyesha kwenye mwanga. Akautazama sana,
kama atazamavyo bati alilopigilia mtu mwingine.

Wanafunzi wakija sasa huuliza
nani amechora ngazi kwa penseli ukutani,
juu ya jedwali la nyuzi na sentimita.
Huwaambia: jifunzeni jedwali.

Akitoka, aliniomba ile futikamba.
Nikamkatalia.
Ninayo moja tu.