Kutoka Ng'ambo Kwenda Ng'ambo

Duka langu liko kata ya Ng'ambo, Tabora mjini:
fotokopi shilingi mia, kuskani mia tano,
na umeme ukikatika tunabaki kutazamana,
mimi, printa na wateja.

Kalunde aliingia na flashi shingoni kama hirizi.
"Kaka Msabila, nisaidie kujaza fomu.
Ni chuo cha ng'ambo."
Nikamwambia ng'ambo ndiyo hapa, karibu ukae.
Hakucheka.
Msimu wa fomu ulishamla utani wote.

Kipengele cha kumi na nne:
mapato ya mzazi kwa mwaka, kwa dola.
Tukampigia baba yake, Mzee Kapela, kule Sikonge,
siku ya nne ndani ya miombo;
mtandao huupata akipanda kichuguu.
"Baba, unapata shilingi ngapi kwa mwaka?"
Kimya. Nikasikia nyuki, au ni simu tu.
"Mwaka upi?" akauliza.
"Mwaka jana miti haikuchanua.
Mwaka juzi nilijaza ndoo kumi na tisa,
saba zikalipa deni, moja ikang'oa jino,
mbili mama yako aligawa msibani.
Andika wapendavyo wenyewe."

Wanapenda namba, Mzee.
Nikaandika sifuri, nikaifuta:
mtu mwenye mizinga sitini si sifuri.
Nikazidisha ndoo kwa bei ya sokoni,
Kalunde akanishika mkono.
"Ukiandika hivyo watatuona matajiri."

Na kuomba kwenyewe ni dola sabini.
Unaweza kusamehewa, wameandika kwa herufi za sisimizi,
ukithibitisha kwamba huna.
Uthibitisho ni barua ya mtendaji,
barua haitoki bila muhuri,
muhuri hauamki bila mchango wa choo cha shule.
Elfu kumi, na risiti utafuata Jumatatu.
Kumbe ufukara nao una nauli yake.
Kalunde aliuza simu yake
akanunua karatasi inayosema hana kitu,
na jioni ile, kwa mara ya kwanza,
karatasi ikawa imesema kweli.

Majibu yalifika Machi, mvua ikipiga bati
hata tukasoma kwa kuonyeshana vidole.
Chuo cha kwanza: hongera, tunakupa nusu ya ada.
Nusu.
Tukakokotoa ile nyingine, kikokotoo kikaishiwa nafasi.
Nusu daraja, haya, nani anavuka?
Mimi pia niliwahi kupewa nusu, mwaka ule.
Barua yake ninayo bado, ina nembo ya dhahabu;
huijaribia wino printa ikigoma.

Kingine kilitoa yote, ada, chumba, mlo,
ila benki ionyeshe milioni kumi na nane
zilizolala miezi sita bila kuguswa.
Kwetu hela haijawahi kulala,
hata kusinzia.

Kilichobaki ni kidogo, jina lake linanipinda ulimi.
Hakina picha za vijana wakicheka kwenye majani.
Kilisema: ada tutabeba sisi,
wewe utaosha vyombo bwaloni, saa kumi na mbili kwa wiki;
na kama Septemba ni karibu mno, njoo Januari,
tutakutunzia nafasi.
Kalunde alirudia mstari ule wa Januari
kama mtu anayehesabu chenji asiyoitegemea.
"Vyombo," akasema. "Vyombo naviweza."

Juzi Mzee Kapela alishuka basi la Sikonge,
ndoo begani, nta bado kwenye kucha.
Akaiweka juu ya mashine yangu ya fotokopi.
"Hayo ndiyo mapato. Mwaka huu miti imechanua.
Waambie."
Nikafungua daftari la madeni:
Kalunde, kurasa mia moja arobaini na moja.
Nikachovya kidole kwenye ndoo, nikalamba,
nikapiga mstari.

Tiketi bado.
Tumepata kama mkia na bawa moja.
Mzee kakaa kwenye benchi, anauliza
kutoka Ng'ambo hadi ng'ambo
ni ndoo ngapi.